Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuchaji Magari ya Umeme Mjini Nakuru

Wanachama wenzangu,

Mwaka jana niliwaahidi orodha ya vituo vya kuchaji hapa Nakuru. Orodha ipo kwa katibu, lakini nawasihi mpige simu kwanza kabla ya kufunga safari. Jioni moja nilifika kwenye chaja nikiwa na asilimia tisa ya betri. Taa ya kijani inawaka vizuri, ila mbele yake pameegeshwa pikapu ya dizeli, kebo imelaliwa na gurudumu la nyuma. Bawabu akaniambia kwa upole kwamba mwenye gari yuko harusini. Nilikaa hapo kwa muda wa saa mbili na nusu nikila chipsi. Kwenye orodha yetu, kituo hicho kina alama ya "kinafanya kazi".

Suala la plagi bado linatusumbua. Wengi wetu tuna Nissan Leaf, gari dogo la umeme, za mitumba kutoka Japani, ambazo mdomo wake wa chaji ya haraka ni CHAdeMO. Magari mapya yanakuja na plagi ya CCS2, mengine GB/T ya Kichina. Kwa hiyo chaja moja ya haraka si chaja ya kila mtu. Leaf ya zamani yenye betri ya yuniti 24 za umeme (kilowati-saa) ilikwenda kama kilomita 120 ilipokuwa mpya, na Nairobi iko umbali wa kilomita 160 hivi. Naivasha lazima usimame, upende usipende. Wenzetu wa bodaboda za umeme wanabadilisha betri kwa dakika chache, ila betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine.

Kilichoila kamati muda mwingi ni bei ya usiku. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini, ilipitisha bei maalumu ya umeme wa kuchaji: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Sababu yake tunaijua sisi watu wa kaunti hii kuliko wengine. Mvuke wa ardhini unaozalisha umeme kule Olkaria haulali, bali wateja ndio wanaolala, na umeme wa usiku unabaki. Sasa, siku za kazi nafuu hiyo inaanza saa nne usiku, na maegesho mengi tuliyozungukia hufunga lango saa mbili. Nakiri sisi wenyewe tulichelewa kuliona hilo. Tulikuwa tukiomba chaja zaidi, hatukuwahi kuuliza nani anashika ufunguo.

Tena bei hiyo ni ya mita inayotumia kati ya yuniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Gari dogo linalokwenda kilomita 30 kwa siku hutumia yuniti kama 150 tu. Ukiwa peke yako hufiki, mkiwa watatu mnavuka bila shida.

Ndiyo maana kamati inaleta ombi moja kwenye mkutano mkuu: tuchange mita ya pamoja. Mwenye yadi moja upande wa mtaa wa Section 58 amekubali magari yalale kwake, na waya tutavuta kwa gharama yetu. Ameuliza swali moja tu, ambalo sikuwa na jibu lake: bawabu wa usiku atalipwa na nani? Njooni na jibu, na mhazini atakuwa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti