Kibanda cha sikukuu hakijengwi chini ya mwembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Wakristo wenzangu wa Lindi na Mtwara wanaoshika sikukuu za Mambo ya Walawi 23. Asiyezishika asihukumiwe, na anayezishika vilevile. Wakolosai 2:16 imeshalimaliza hilo. Ila ukisema unafuata desturi ya Wayahudi, ifuate ilivyo.

Sikukuu ya Vibanda inapofika jua la huku ni kali, na mtu akiambiwa ajenge kibanda hukimbilia kivuli cha mwembe au mkorosho. Hapo ameshakosea. Kibanda kilicho chini ya mti hakihesabiki: paa liwe la matawi au majani yaliyokwisha kukatwa, na juu yake mbingu tupu. Bati na turubai hazifai. Makuti yanafaa, lakini usiyaezeke kama ya nyumba, kuti juu ya kuti hadi tone lisipite. Kivuli kizidi jua, basi. Mvua kubwa ipenye, na usiku nyota zionekane. Mkeka wa kulalia usiuweke juu. Uzungushie ukutani, maana kuta hazichagui kitu.

Mkate usiotiwa chachu nao si chapati. Ni unga wa ngano na maji tu, bila hamira wala mafuta, na tangu maji yaguse unga hadi uive zisipite dakika 18. Wapishi wetu huharibu wanapolaza donge nusu saa lilainike: kwa sheria hiyo limeshahesabiwa kuwa na chachu, hata kama hamira haikutiwa. Sukuma jembamba, toboatoboa kwa uma lisifure, choma kwenye chuma kikavu chenye moto mkali. Unga wa muhogo, pamoja na heshima zake zote huku Kusini, hautoi mkate huu. Na kondoo asichinjwe uani kwa jina la Pasaka. Someni Kumbukumbu la Torati 16:5-6.

Kuhusu tarehe, msiikisie kwa Pasaka ya kanisa. Mwaka 2024 kanisa lilisherehekea Machi 31, Wayahudi wakaanza jioni ya Aprili 22, kwa kuwa mwaka wao ulikuwa na miezi 13. Mwezi huo huongezwa mara 7 katika kila miaka 19. Siku huanza magharibi, jambo ambalo watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa: usiku wa Ijumaa wa wazee wetu ni huu vijana wanaouita Alhamisi usiku.

Kwa maoni yangu, anayeanza aanze na masomo ya kila Sabato kabla ya baragumu na vitambaa vya mabegani. Torati imegawanywa sehemu 54, na mzunguko huanza upya baada ya Vibanda. Sehemu ya kwanza ni Mwanzo 1:1 hadi 6:8, ikifuatwa na Isaya 42:5 hadi 43:10. Msikatize mwisho wa sura. Sehemu hizi hazifuati sura. Sabato zikipungua, sehemu mbili husomwa pamoja, kama Walawi 12-13 na 14-15.

Kinachovuruga zaidi ni kalenda ya masomo haya, kwani zipo mbili: ya Israeli na ya nje ya Israeli. Siku ya nane ya Pasaka ikiangukia Sabato, Wayahudi walio nje ya Israeli bado wako sikukuuni, wale wa Israeli wameshasonga mbele. Kundi la Masasi na la Nachingwea yanaweza kupishana wiki kadhaa, kila moja likidhani lenzake limepotea. Chukueni ya nje ya Israeli, mbaki nayo.

Msomaji,
Lindi