Elementi za nyumbani kwako, na haya meno yetu

Usa River,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kutushika na Mlima Meru leo siku ya tatu haujavua shuka. Ujumbe wako wa sauti niliufungua dukani mbele ya wateja, nikauzima mbio pale ulipoanza kumsema mwalimu wa kemia. Nimeona nikuandikie. Kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Kazi aliyopewa mwanao wala si ngumu. Kama ameambiwa alete elementi tano zinazotumika nyumbani, asikimbilie kunakili oksijeni na haidrojeni kitabuni. Azunguke nyumba, aanzie paani.

Mimi nauza bati mwaka wa kumi na moja huu. Tunaliita bati, lakini bati la kemia, lile lenye alama ya Sn, silo lililokufunika hapo ulipo. Hilo lako ni chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Unyevu ukija unaanza kuila zinki, chuma kinasalimika, hata pale fundi alipokwaruza au alipopitisha mkasi. Zinki ikiisha ndipo unaona kutu. Kwenu Tanga upepo wa bahari umebeba chumvi, kwa hiyo zinki inaliwa haraka kuliko huku kwetu. Na usije ukafanya kama mteja wangu mmoja aliyeng'ang'ania geji 32 akiamini amepata bati nene kuliko la jirani yake mwenye geji 28. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba! Nilimwambia, akadhani namficha mali nzuri.

Akishuka paani aingie jikoni achukue kiberiti. Humo atapata mbili kwa mpigo. Neno lenyewe, kiberiti, tumelitoa kwenye Kiarabu na ni jina la zamani la salfa, nayo imo kwenye kichwa cha njiti. Fosforasi haimo kwenye njiti. Imepakwa ubavuni mwa kasha, kwenye ule mstari wa kahawia unaokwaruza. Ndiyo maana njiti ukiisugua ukutani unajichosha bure.

Betri za redio unazikumbuka? Tulikuwa tunaambiwa tuje nazo shuleni, zilizokwisha, tukazipasua kwa jiwe, tukautwanga ule unga mweusi na majani, tukapaka ubao. Tulirudi nyumbani weusi mpaka masikioni. Kile kijiti cha katikati tulichokuwa tunachorea sakafuni ni kaboni, na kopo lililokizunguka ni zinki ileile ya paani. Unga ule ulikuwa na manganizi, na sikumbuki mtu yeyote kutuambia tunawe mikono. Mwanao azitaje tu, asipasue. Na betri ya simu ndiyo asiiguse kabisa, hiyo ina lithiamu na ikitobolewa inawaka moto.

Kwenye chumvi kuna iodini, ambayo pakiti inaiita madini joto. Jina hili limewapoteza wengi. Mama mkwe wangu mpaka leo anaepuka chumvi ya pakiti wakati wa joto, eti itamzidishia. Haina joto lolote, kazi yake ni tezi ya shingoni, na mtu akiikosa ndipo shingo inapovimba. Mweleze mwanao kwamba iodini iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois kwenye majivu ya mwani. Wewe unaishi karibu na watu wanaolima mwani, kwa hiyo hapo atakuwa na la kumwambia mwalimu. Ila chumvi yako usiiache wazi karibu na jiko, madini hayo yanapotea kwa unyevu na joto.

Sasa lile swali lako jingine, ulilolisema kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu anasikiliza. Umesoma kwenye dawa ya meno ya watoto kwamba ina floraidi, ukashtuka: si ndiyo hiyohiyo iliyoharibu meno yetu sisi?

Ndiyo, ndiyo hiyohiyo. Floraidi inatokana na florini, alama F.

Ninayo bado picha yetu ya darasa la saba. Watoto arobaini na kitu, na hakuna aliyefungua mdomo. Mpiga picha alitubembeleza tucheke mpaka akachoka. Shangazi yangu alikuwa akinisugua meno kwa mkaa na chumvi kila Jumamosi hadi fizi zinatoa damu, akiamini ni uchafu wa uvivu. Masikini, hakujua kuwa rangi ile ya kahawia ya meno yetu haikukaa juu ya jino, ilikuwa imeshaingia ndani yake. Miamba ya volkano ya mlima wetu ina floraidi, maji yanapita humo na kuibeba, nasi tukayanywa tangu tunatambaa, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, na ziko chemchemi za huku zinazopita kiwango hicho mara nyingi. Ikizidi sana kwa miaka mingi huingia hadi mifupani. Wale wazee wa kwetu waliopinda miguu, tuliokuwa tunaambiwa wamerogwa, unawakumbuka.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo unaizidisha. Mimi natumia ndoo yenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule walioufanyia utafiti miaka mingi pale kituo cha Ngurdoto. Mifupa inachomwa, inasagwa chengachenga, maji yanapita humo na mkaa unaishika floraidi. Baada ya muda unashiba, unabadilisha. Baba watoto alikataa kunywa mwezi mzima, anasema hawezi kunywa supu baridi. Siku moja alirudi shamba ana kiu, akanywa vikombe viwili ndipo akauliza yametoka wapi.

Kwa dawa ya meno, huyo wa kidato cha pili mwache apige mswaki bila hofu. Meno yake yalishakamilika, ukiacha labda magego ya mwisho, na floraidi hiyo kidogo inayagusa kwa nje, inayakaza yasitoboke, kisha anatema. Wa kumwangalia ni kitinda mimba wako, maana huyo anameza. Kama hajafika miaka mitatu, mtilie kiasi cha punje ya mchele. Akifika, kiasi cha punje ya njegere, na usimame hapo mpaka ateme. Yale mambo ya kujaza mswaki mzima kama kwenye matangazo yaache hukohuko kwenye televisheni.

Nina jambo moja la kuungama. Ule mfuko wa magadi niliokutumia kwa basi, uliosema makande hayaivi bila huo. Magadi yana sodiamu, ndiyo maana kwenye jedwali la mwanao alama yake ni Na, kutokana na natriamu, neno la ukoo mmoja na jina la Ziwa Natron. Hiyo nayo angeweza kuitia kwenye zile tano zake. Lakini magadi ya huku hubeba na floraidi pia, na mengine hubeba nyingi. Nililijua hilo tangu zamani, nikafunga mfuko na kuuandika jina lako bila kufikiri, kwa sababu ulisema umekumbuka nyumbani.

Chakula cha mtoto usikitie. Kijiko kimoja mpe mwanao apeleke darasani kwenye karatasi, unaobaki umwage. Maharage loweka usiku kucha, yataiva tu. Alhamisi nitampa kondakta parachichi, nenda ukazipokee kabla hazijalala stendi.

Msalimie shemeji na watoto wote.

Ni mimi shogayo,
Mama Duka