Shukrani kwa dada wa boti ya Mokowe

Dada tuliyevuka nawe kutoka Mokowe kuja Amu (Lamu), jina lako sikuuliza, nisamehe. Binti yangu wa miaka 6 alikuwa anamung'unya mabuyu, midomo myekundu, ukamwomba acheke. Mimi nilidhani lile gego la nyuma ni la utotoni, litang'oka tu. Ukanambia hilo ndilo la ukubwani, halina jingine la kulipokea, na mifereji yake ya juu ni myembamba hata nywele za mswaki haziingii. "Kazibe kabla halijaoza."

Nikampeleka kwa daktari wa meno. Sindano hakuna, kutoboa hakuna. Magego yalisafishwa, yakapakwa dawa ya kuyafanya yashike, yakasuuzwa na kukaushwa, kisha ukapakwa utomvu wa plastiki, ndio kiziba chenyewe, ukagandishwa kwa taa ya buluu. Dakika chache kwa kila jino! Alilalamikia ladha tu.

Mswaki na dawa yenye floridi tunaendelea navyo, maana kiziba hulinda sehemu ya kutafunia, si katikati ya meno. Mabuyu yamebaki ya Ijumaa (mnunuzi ni bibi yake, simuwezi).

Ahsante sana, dada. Ukirudi Amu, kahawa yako ipo.