Barua kwa Neema: Waliloacha ni Daftari

Nkuhungu, Dodoma

Mpendwa Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, vumbi tu la mwezi wa nane unalijua.

Umeniuliza kama na huku vijana wameanza kuacha kanisa, kama huko Uingereza. Namba zenu za sensa ya 2021 nimeziona: kwa Uingereza na Wales, Wakristo asilimia 46, wasio na dini 37. Huku hatuna cha kulinganisha, maana sensa yetu haijauliza dini tangu 1967. Basi chukua ninachokiona mimi, katibu wa jumuiya, kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja.

Mungu hawajamwacha. Waliloacha ni daftari langu la majina ya wanajumuiya. Binti anayefanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, yuko kwenye daladala, simu sikioni, anasikiliza nabii wa Dar. Jumapili hii yuko nasi misa ya kwanza, ijayo yuko kwenye turubai la maombezi. Ukimwuliza jumuiya yake ni ipi, anacheka.

Na kusema kweli siwalaumu. Jumuiya inataka mtu aliyetulia mahali, majirani wakamjua na watoto wake. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 mji umejaa wapangaji. Leo yuko Kisasa, kodi ikipanda anakimbilia Ihumwa, na kila akihama tunamdai barua ya utambulisho. Sala ni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kisha michango: zaka, tegemeza jimbo, ujenzi, mapokezi ya askofu. Kijana mmoja wa bodaboda kaniambia, "Katibu, nyie mnanikumbuka kwa deni tu."

Kilichoniuma ni msiba. Mpangaji mmoja, kijana tu, alifiwa na mtoto. Jina lake halikuwemo daftarini, basi wazee wakakaa uani kubishana kama kanisa litazika, na mama wa mtoto yuko ndani analia, anasikia kila neno. Padri alipofika ndipo yakaisha, tukazika. Vijana wenzake walikuwepo, waliona yote. Halafu mtu aniambie eti ni simu zinazowapoteza!

Nimependekeza wapangaji wawe na sala yao Jumatano jioni, bila kuulizwa barua. Wazee wameguna. Mwenyekiti anachotaka kujua ni nani atashika kapu la sadaka. Kikao kingine ni mwisho wa mwezi, nitakuandikia walivyoamua.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi,
Mama Tumaini