Barua kwa mwanangu: smuthi ya kijani huanzia kwenye majani

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Nimepata ujumbe wako na picha ya ile glasi. Rangi ya tope, unasema, harufu ya nyasi, na nyuzi zinazokwama kwenye meno, na sasa unataka kununua blenda nyingine. Usinunue. Blenda ya wati 350 inatosha kabisa kwa mtu mmoja au wawili. Shida iko kwenye majani: umeyatia mabichi, na vikonyo vyake, pamoja na matunda yote kwa mpigo mmoja. Majani hushughulikiwa siku moja kabla, ukiwa na nafasi, si asubuhi huku unawahi daladala.

Tuanze sokoni. Tafuta mchicha mchanga wa majani ya kijani, ambao kikonyo chake kinakatika ukikikunja. Kikipinda bila kukatika, umeshakomaa na utakupa nyuzi. Mchicha wenye wekundu uache kwa ajili ya mboga. Kijani kikikutana na nyekundu hutoka kahawia, na kwa sababu hiyohiyo usitie bitiruti wala zambarau wala stroberi kwenye glasi unayotaka ibaki kijani. Ile mboga ya jani pana na uti mweupe mnene tunayoiita spinachi inafaa pia, ila uti wote utoke. Sukuma wiki inafaa ukiichuna kutoka kwenye uti na kupunguza kipimo kwa nusu, maana ina ukali wa kabichi. Matembele yanateleza, yaache.

Kisamvu kibichi, kamwe. Najua kuna watu wanaosema kila jani la kijani ni dawa. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi yakisagwa, na ndiyo maana mabibi zetu walikitwanga na kukichemsha muda mrefu. Blenda husaga tu, haichemshi. Mnavu nao ni wa sufuriani.

Halafu uliza mchicha umetoka wapi. Mboga nyingi za majani Dar es Salaam hulimwa mabondeni, kando ya mito kama Msimbazi, na mito hiyo hupokea maji machafu ya majumbani na ya viwandani. Vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo unaweza kuviua kwa moto. Madini mazito kama risasi hayaondoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa, kwa hiyo mwuzaji anayeweza kukuambia shamba lilipo na maji anayomwagilia ana thamani kuliko anayekupunguzia bei.

Sasa kazi yenyewe, ambayo nakuomba uifanye Jumamosi moja upate majani ya wiki nzima. Chambua, bakiza majani na ncha laini tu. Osha kwenye beseni la maji mengi, ukiyanyua majani kutoka majini badala ya kumwaga maji yakiwa ndani, ili mchanga ubaki chini. Rudia mpaka maji yasiwe na mchanga. Chemsha lita 2 za maji kwenye sufuria kubwa, yachemke kwa nguvu hasa, ndipo utumbukize fungu moja. Usifunike. Mchicha na spinachi dakika moja kamili. Sukuma wiki dakika mbili. Chota kwa kijiko cha matundu na uyatie papo hapo kwenye bakuli la maji baridi sana, uyaache mpaka yapoe hadi katikati, kisha uyakamue kidogo.

Dakika hiyo moja inafanya mambo mengi. Inaua sehemu kubwa ya vijidudu. Inazima vimeng'enya vya jani, ambavyo ndivyo hutoa ile harufu ya nyasi iliyofyekwa mara kisu kinapolikata. Inafukuza hewa iliyojificha ndani ya jani, ndiyo maana utaona kijani kimekolea ghafla. Na inalainisha nyuzi, kazi ambayo visu vyako vidogo haviiwezi. Unapoteza vitamini C kiasi, ni kweli, lakini nanasi na ndimu zitakurudishia. Ukizidisha, mathalani dakika tano, rangi inageuka kuwa ya khaki, kwa sababu joto la muda mrefu linang'oa madini ya magnesi yaliyo katikati ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na yakishatoka hayarudi. Kufunika sufuria huharakisha jambo hilohilo, maana asidi ya majani inashindwa kutoka na mvuke. Kuna atakayekushauri utie magadi ili kijani kisipotee. Kweli hakipotei, lakini jani linakuwa utelezi, na magadi yanaharibu vitamini.

Maji ya kupoozea yawe ya kuchemshwa, yaliyolala kwenye friji, na barafu iwe uliyogandisha mwenyewe. Barafu ya vifuko vya mtaani mara nyingi ni maji ya bomba yasiyochemshwa. Ukiitia hapo umerudisha kile ulichokiua.

Majani yakishapoa, yasage na maji kidogo, kama robo kikombe kwa fungu moja, mpaka yawe uji laini, kisha uyagandishe kwenye trei ya barafu. Kama huna trei, mimina kwenye mfuko safi wa plastiki, ulaze bapa kwenye friza, na utakuwa unavunja kipande. Tundu moja la trei huwa karibu vijiko viwili vya chakula. Yatakaa mwezi mzima bila shida. Umeme ukikatika yakayeyuka, yapike mboga siku hiyohiyo yangali baridi, usiyagandishe tena.

Ndizi nayo igandishwe, kwa sababu ndiyo barafu yako. Barafu kubwa itakuvunjia visu au itakuunguzia mota, na ikiyeyuka inazimua ladha. Chukua kisukari iliyoiva mpaka ganda lina madoa, uimenye kwanza (ukigandisha na ganda utajuta), uikate vipande vya sentimita 2, uvipange kwenye sahani visigusane. Vikishaganda vitie kwenye mfuko. Mzuzu haufai hapa, wanga wake hukaa kwenye ulimi.

Vipimo vya glasi mbili ni hivi. Maji ya dafu au maji baridi, mililita 250. Vipande vitatu vya majani yaliyogandishwa. Nanasi lililokatwakatwa, kikombe kimoja, bila ule moyo mgumu wa katikati. Kisukari mbili, au ndizi moja kubwa. Nusu ya tango la wastani. Tangawizi ya ukubwa wa pingili moja ya kidole, iliyokwaruzwa na kukamuliwa juisi tu. Nusu ndimu. Majani manane hadi kumi ya nanaa. Chumvi, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili. Hutaionja, ila utamu wa matunda utatokeza na uchungu wa majani utapungua. Sukari hapana, asali hapana. Nanasi la Kiwangwa lililoiva lina utamu wa kutosha kwa glasi zote mbili.

Tango lionje kabla, upande wa kikonyo. Likiwa chungu, kata sentimita 2 uonje tena. Bado chungu, litupe lote, maana uchungu huo haufunikwi na chochote na unaweza kukuvuruga tumbo.

Mpangilio wa kutia ndio usiopaswa kuukosea. Kimiminika kwanza, kisha majani na juisi ya tangawizi, usage peke yake kwa sekunde 40 mpaka usione chembe ukichungulia dhidi ya mwanga. Ndipo nanasi na tango, sekunde 30. Ndipo ndizi, kidogo kidogo, mota ikipumzika dakika moja kati ya mizunguko. Ndimu na nanaa mwisho kabisa, bonyeza na kuachia mara tatu nne. Nanaa ikisagwa sana inakuwa nyeusi na chungu. Ndimu inazuia ndizi kuwa nyeusi, lakini asidi yake hiyohiyo inaila rangi ya majani taratibu, kwa hiyo ukiitia mapema na kuiacha glasi mezani kwa saa mbili utakuta ile rangi ya tope uliyonipigia picha.

Visu vikianza kuzunguka kwa sauti nyembamba huku juu hakuna kinachosogea, hewa imejifungia kuzunguka visu. Usiongeze kasi. Zima, chomoa waya ukutani, koroga kwa kijiko, ongeza vijiko viwili vya maji, washa tena. Usijaze jagi kupita theluthi mbili. Ukisikia harufu ya mpira kuungua, acha robo saa. Povu jingi ni alama kwamba umesaga muda mrefu mno. Liache litulie dakika mbili, au lichote.

Ukitaka iliyo nzito, badilisha nusu ya ndizi kwa robo ya parachichi. Zile za Hass zinazotoka Njombe na Rungwe huwa nyeusi zikiiva, usidhani zimeoza. Bonyeza karibu na kikonyo, pakilegea kidogo ziko tayari. Lakini maziwa au mtindi usichanganye na nanasi wala papai bichi-bichi. Matunda hayo yana kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na baada ya nusu saa utakunywa kitu kichungu, hata ukigandisha nanasi kwanza, kwa kuwa baridi haikiui kimeng'enya hicho. Tangawizi mbichi inafanya vivyo hivyo, na inaweza kuyagandisha maziwa. Mtindi unakwenda na embe au ndizi. Msimu wa dodo ukifika, tumia embe na mtindi na majani, uache nanasi na tangawizi siku hiyo.

Inywe palepale. Ikibidi ubebe kazini, jaza chupa mpaka mdomoni ili hewa isipate nafasi, iwekwe kwenye baridi, na imalizike siku hiyohiyo. Kujitenga, maji chini na uzito juu, si kuharibika, tikisa. Ikitoa vipovu au harufu ya pombe, mwaga.

Kuhusu hayo uliyosikia kwamba smuthi ya kijani inasafisha damu na kutoa sumu mwilini: kazi hiyo ina wenyewe, ini na figo, na hawasubiri mchicha. Unachopata ni majani na matunda, na nyuzinyuzi zake, ambazo juisi ya kuchuja haina. Hilo ni jambo zuri bila kuongezewa chumvi. Inywe na kitu chenye protini, yai la kuchemsha au konzi ya karanga, la sivyo saa nne utakuwa umeshafika kwa mama wa maandazi. Na chai isiifuate mara moja. Vitamini C ya nanasi inausaidia mwili kuchukua chuma cha majani, wakati chai inakizuia. Ngoja saa moja.

Glasi moja kwa siku inatosha. Mchicha na spinachi zina asidi ya oksaliki kwa wingi, ambayo kwa wengine hujenga mawe kwenye figo. Maji uliyochemshia majani yamebeba sehemu ya asidi hiyo, kwa hiyo yamwage, usiyatie kwenye blenda kwa kuona uchungu kupoteza "virutubisho". Baadhi ya siku tumia sukuma wiki, ambayo oksaliki yake ni ndogo. Baba yako mdogo akija kukutembelea usimpe kwa ukarimu tu: anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vitamini K ya majani ya kijani inaipunguza nguvu. Mtu wa dawa hiyo hatakiwi kupandisha na kushusha kiasi cha mboga za majani ovyo. Azungumze kwanza na daktari wake.

Jagi lioshwe mara tu unapomimina. Maji ya vuguvugu hadi nusu, tone la sabuni, washa sekunde 20, suuza. Maji ya moto sana na mfuniko uliobana usithubutu, mvuke utaurusha. Mara moja kwa wiki fungua kitako cha visu utoe ule mpira wa duara. Mabaki ya ndizi hujificha chini yake yakaoza, na ndiyo harufu ambayo watu huidhania ni ya majani. Mpira ukilegea, jagi litavujia kwenye mota. Ukienda kununua mwingine, nenda na wa zamani mkononi, maana vipimo vinapishana kwa milimita na wauza vipuri watakuambia wote ni sawa.

Mama yako