Tutenganishe uvumi na malalamiko ya haki kuhusu bima ya afya

Mhariri,

Tafadhali nipatie nafasi nizungumzie jambo ambalo hapa Tanga linajadiliwa kila palipo na kahawa na kashata, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, nalo ni bima ya afya kwa wote. Mjadala ni mkali, na kwa sehemu kubwa umejengwa juu ya mambo ambayo sheria haiyasemi. Hata hivyo, wanaotumwa kuja kutuelimisha nao wana kasoro yao, kwani kila swali hulihesabu kuwa dhana potofu, hata linapoulizwa na mtu ambaye amekwisha kulipia kadi na akarudi nyumbani bila dawa.

Nianze na uvumi ulio mwepesi kuujibu. Wako wanaoamini kwamba asiye na bima atanyimwa leseni ya udereva au ya biashara, na vijana wa bodaboda ndio wanaoliogopa zaidi jambo hili. Uvumi huo una asili yake. Muswada uliosomwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2022 ulikuwa na vifungu vya kufungamanisha bima na huduma za namna hiyo. Vikapingwa, muswada ukaahirishwa, na sheria iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 ikaja baada ya masharti hayo kuondolewa. Sisi wa Tanga tulistahili kuwa wa kwanza kulijua hilo, kwa kuwa waziri aliyeusimamia muswada, Ummy Mwalimu, alikuwa pia mbunge wa Tanga Mjini. Kilichobaki ni wajibu wa kila mkazi wa Tanzania Bara kujiunga na skimu ya bima, iwe ya umma au ya binafsi, na ni vizuri watu waambiwe hivyo waziwazi badala ya kubembelezwa kwamba ni hiari. Vilevile, zile shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita zinazotajwa vijiweni kana kwamba ndiyo bei iliyopitishwa zilikuwa makadirio ya wakati wa mjadala wa muswada wa kwanza.

Wapo pia wanaosikia neno "wote" wakaelewa kwamba matibabu yatakuwa bure. Wazee wa rika langu wana sababu ya kuelewa hivyo, maana tulikulia katika nchi iliyotibu watu bila malipo mpaka uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa mwaka 1993. Sheria ya sasa hairudishi zama zile. Inachosema ni kwamba mwenye uwezo atachangia, na asiye na uwezo atalipiwa na Serikali kutoka katika fedha zilizotengwa, zikiwamo sehemu ya ushuru wa soda, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo hata huyo anayelipiwa, yuko mtu anayemlipia, na huenda mtu huyo ni jirani yake anayebeti kila Jumamosi.

Dhana inayonisumbua kuliko zote, na ambayo sijaona ikijibiwa sawasawa, ni ile ya kuichukulia bima kama upatu. Mchuuzi wa samaki pale Deep Sea anajua kwamba akitoa fedha zake kwenye upatu, siku yake itafika na atapokea kibunda. Akiambiwa alipe bima, mwaka ukaisha bila kuugua, anaona ameibiwa. Lakini mchuuzi huyohuyo yumo katika chama cha kufa na kuzikana, anachanga kila mwezi, na sijawahi kumsikia akilalamika kwamba mwaka umepita bila kufiwa. Huko anaelewa vyema kwamba fedha yake ilimsitiri mwenzake, na kwamba kutokuifikia zamu ndiyo heri. Mfuko wa bima unafanya kazi hiyo hiyo, na waelimishaji wangeokoa muda mwingi kama wangeanzia kwenye vyama ambavyo watu wetu wameviendesha wenyewe miaka yote, badala ya kuanza na vifungu vya sheria.

Katika chama cha kuzikana hakuna anayeruhusiwa kujiandikisha siku maiti iko ndani. Kwenye bima tunataka kufanya hivyo. "Nitakata nikianza kuumwa," ndivyo wengi wanavyosema, na wanasema kwa fahari, kama watu waliogundua njia ya mkato. Matokeo yake tuliyaona kwenye Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzazi aliweza kumkatia mtoto mmoja bima, na wazazi wengi walifika dirishani wakiwa wamembeba mtoto aliyekwisha kuugua, huku wenye watoto wazima wakikaa nyumbani. Mfuko ukalazimika kulipa kiasi kikubwa mno kuliko ulichokusanya, na Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Tulipiga kelele sana wakati ule, na wazazi wenye watoto wa selimundu na moyo walikuwa na haki kamili ya kupiga kelele, lakini ni wachache waliouliza fedha za kuwatibu watoto hao zingetoka wapi ikiwa wazima hawachangii. Hapo ndipo ulipo msingi wa kuifanya bima kuwa ya lazima, na sioni njia nyingine.

Nieleze pia maslahi yangu, msomaji asije akadhani ninahubiri nikiwa nje ya jambo. Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma. Nilipokuwa kazini nilikatwa asilimia tatu ya mshahara, mwajiri akaongeza tatu nyingine, na leo mimi na mke wangu tunatibiwa bila kuchangia chochote, kwa michango ya walimu na wauguzi vijana ambao wengi wao hawaumwi. Nilipokuwa kijana nilinung'unika kama wao.

Kuhusu wale wanaohofia kwamba bima haiafikiani na dini, jambo ambalo katika mji wetu lina uzito wake, sina elimu ya kuwafutia hofu hiyo, ila wajue kwamba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imekwisha kutoa mwongozo wa takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, na masheikh wetu waulizwe.

Sasa nije kwenye yale ambayo kwa maoni yangu si dhana potofu hata kidogo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa mtu, pungufu ya shilingi 14 kwa siku, na hata Serikali ilipoongeza mchango wake, kiasi hicho hakikutosha kuweka dawa kwenye rafu za zahanati. Mtu alionyesha kadi, akaandikiwa dawa, akaelekezwa duka la nje. Anaposema leo kwamba kadi ni karatasi tu, anasimulia yaliyompata, na ukimwita mpotoshaji unamfukuza kabisa. Ni hivyohivyo kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya waliojikuta wakirudishwa mlangoni Machi 2024, hospitali kadhaa za binafsi zilipogomea bei za kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo mfuko huo unazilipia. Watu hao walikuwa na kadi halali na michango iliyolipwa, na hakuna elimu ya bima itakayowafutia machungu yale isipokuwa huduma yenyewe.

Jambo la rufaa nalo linahitaji maneno ya kweli. Wengi wetu tumezoea kwenda moja kwa moja Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, hata kwa kikohozi. Kitita cha msingi cha bima ya afya kwa wote kinamtaka mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya na kupanda kwa rufaa, isipokuwa kwa dharura. Utaratibu huo ni mzuri endapo kituo cha chini kina mtaalamu, kipimo na dawa. Kikikosa hivyo, rufaa inageuka kuwa nauli mbili na siku mbili za kazi zilizopotea, na mwanachama atapita njia yake.

Ombi langu kwa uongozi wa Jiji ni kwamba mafao ya kitita cha msingi yabandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na orodha ya kaya zilizotambuliwa kuwa hazina uwezo na njia ya kukata rufaa kwa aliyeachwa. Aidha, michango ya walio nje ya ajira rasmi ipokelewe kwa awamu na kwa kuzingatia misimu yao. Mvuvi wa Sahare ana fedha wakati wa kaskazi. Kumdai mchango wa mwaka mzima mwezi Julai, kusi ikiwa imemfungia nyumbani, ni kumhesabu mkaidi kabla hajapewa nafasi ya kulipa.

Msomaji wako,
Mstaafu, Ngamiani, Tanga