Aspatemu si sumu, lakini haifanyi kazi zote za sukari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuzungumzie aspatemu, kitamu bandia kinachouzwa madukani na kwenye famasi za hapa Dodoma kama "sukari ya wagonjwa wa kisukari". Wengi huuliza kama inaleta saratani. Wachache huuliza mbona chai haikolei. Ni nadra mtu kuuliza afanye nini sukari ya mgonjwa inaposhuka, na kosa la hapo ndilo linaloweza kuua.

Tuanze na hofu. Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aspatemu kundi la 2B, yaani vitu vinavyoshukiwa kwa ushahidi mdogo. Dondoo la jani zima la mshubiri nalo limo kundi hilohilo. Wakati huohuo, kamati ya wataalamu wa viungio vya vyakula ya shirika hilo na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) ilibakiza kiwango kilekile cha awali: hadi miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kopo la soda isiyo na sukari huwa na miligramu 200 hadi 300. Mtu mzima wa kilo 70 ana mpaka wa miligramu 2,800, hivyo angepaswa kunywa makopo 9 hadi 14 kila siku ndipo auvuke. Mtoto wa kilo 15 mpaka wake ni miligramu 600 tu. Makopo mawili au matatu yanaufikia. Mzazi apige hesabu hiyo kabla ya kumpa mtoto soda ya aina hii akidhani haina kikomo. Aliyezaliwa na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, asiiguse kabisa, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunja fenilalanini iliyomo.

Sasa jikoni. Aspatemu ina utamu wa karibu mara 200 ya sukari, ndiyo maana kidonge cha miligramu 20 kinalingana na kijiko kimoja cha chai. Lakini haivumilii moto. Ukiitia kwenye sufuria ya chai ya maziwa inayochemka, kisha ukaifungia kwenye chupa ya chai tangu asubuhi, mchana utakunywa chai isiyo na ladha. Maziwa huongeza tatizo: aspatemu hudumu zaidi kwenye kinywaji chenye uchachu kidogo, na kwenye kisicho chachu huharibika ndani ya siku chache hata bila moto. Mabaki yake hayana sumu kwa kiasi hicho. Utamu ndio unaopotea, na mtu huongeza kidonge juu ya kidonge. Itie kikombeni, chai ikishamiminwa. Juisi ya ukwaju au ubuyu inaipokea vizuri, mradi ikae baridini. Wenye maduka nao wasiache kreti za soda hizo juani, hasa Oktoba na Novemba joto linapopamba moto hapa kwetu. Kwenye maandazi usiitumie kabisa: mbali na kukosa utamu, utakosa rangi na ulaini, maana kazi hizo hufanywa na sukari yenyewe.

Soma pia pakiti. Aspatemu ya unga mara nyingi huchanganywa na wanga kama dekstrosi au maltodekstrini ili ijaze pakiti, na kila pakiti hubeba karibu gramu moja ya wanga. Pakiti kumi kwa siku ni kama vijiko viwili na nusu vya sukari. Na juisi ya zabibu zetu iliyoandikwa "haijaongezwa sukari" bado ina takriban gramu 15 za sukari kwa kila mililita 100.

Sakarini ni kitamu bandia kingine, na hiyo inatutia wasiwasi zaidi kwa sababu wauza barafu huipima kwa kukadiria. Inavumilia moto na ni tamu karibu mara 300 ya sukari. Kiwango chake ni miligramu 5 kwa kilo kwa siku, sawa na 75 kwa mtoto wa kilo 15. Gramu 5 zinakoleza ndoo ya lita 20, na kila barafu ya mililita 200 hubeba miligramu 50. Mtoto huyo akinyonya mbili, amepita. Muuzaji anayetia kijiko kizima hajui amempa mtoto kiasi gani.

Tumalizie na lile lisiloulizwa. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, au kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, aspatemu haimsaidii hata kidogo, wala soda isiyo na sukari. Mpe gramu 15 za sukari halisi: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, vikorogwe kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Anayesafiri kwenda Kondoa au Mpwapwa na vidonge vyake vya aspatemu mfukoni, abebe na sukari ya kawaida iliyofungwa kwenye karatasi.

Wataalamu wa lishe na dawa,
Dodoma